Pikipiki zenye mlio mkali porini: kelele ya ekzosi hufunika nini?

Diaca ni tarafa ya wilaya ya Mocímboa da Praia, katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini kabisa mwa Msumbiji. Imekaa kando ya barabara inayotoka mji wa pwani wa Mocímboa da Praia, ikapita njia panda ya Awasse, kisha ikapanda kuelekea nyanda za juu za Mueda. Pembeni mwa barabara kuna mashamba ya mihogo na mikorosho, na nyuma ya mashamba kuna misitu na vichaka. Chombo ambacho watu wengi wa huko wanaweza kukimudu ni pikipiki: táxi-mota kwa wanaosema Kireno, bodaboda kwa jirani zao wa ng'ambo ya Mto Ruvuma.

Pikipiki hiyo hubeba mama mjamzito, gunia la mahindi, dumu la mafuta na mwanafunzi aliyechelewa. Hakuna mtu mwenye busara anayetaka iondolewe. Lakini pikipiki iliyotoboka ekzosi, au iliyoondolewa makusudi sehemu inayozuia sauti, husikika muda mrefu kabla ya kuonekana, na huendelea kusikika muda mrefu baada ya kupita.

Mjini, mlio huo ni kero. Unamwamsha mtoto, unakatiza mazungumzo, unamkera mgonjwa. Porini, jambo ni zito zaidi. Msitu huendeshwa kwa sauti kuliko kwa macho, kwa sababu majani huzuia kuona. Mnyama hujua adui yuko wapi kwa kusikia, ndege hutafuta mwenzi kwa kuimba, na binadamu anayetembea kwa miguu kati ya shamba na nyumbani hutegemea masikio yake kama wao. Kelele kubwa hufunika sauti hizo zote, na kwa muda huo kila kiumbe huwa kama aliyefungwa kitambaa machoni.

Swali hili lina uzito katika kaskazini ya Msumbiji kwa sababu maeneo ya hifadhi huko si mapori matupu. Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas, iliyoanzishwa mwaka 2002 na kutambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya baiolojia mwaka 2018, ina makumi ya maelfu ya wakazi ndani ya mipaka yake. Hifadhi Maalumu ya Niassa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 42,000, nayo ina vijiji. Huko mwendesha pikipiki si mtalii aliyekuja kujiburudisha. Ni mwenyeji anayekwenda sokoni.

Mlio unatoka wapi?

Injini ya pikipiki haitoi moshi kwa mfululizo kama chungu kinachochemka. Kila mafuta yanapolipuka ndani ya silinda na mlango wa kutolea moshi kufunguka, gesi ya moto hutoka kwa kishindo kimoja. Injini ya silinda moja yenye mapigo manne, aina inayotumiwa na pikipiki nyingi za abiria Afrika Mashariki, hulipua mafuta mara moja kila inapozunguka mara mbili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hutoa vishindo 50 kwa sekunde. Vishindo hivyo vikifuatana kwa kasi, sikio huvisikia kama ngurumo moja.

Kazi ya ekzosi, hasa ile sehemu nene ya nyuma ambayo mafundi huiita sailensa, ni kuvipoza vishindo hivyo kabla havijatoka nje. Ndani yake kuna vyumba vidogo, mabomba yenye matundu, na katika aina nyingine nyuzi zinazofyonza sauti. Gesi hulazimika kuzunguka, kupanuka na kupoa. Mawimbi ya sauti hugongana na kuta na kurudi, mengine yakikutana na kuuana. Kinachotoka mwishoni ni mvumo badala ya mshindo.

Sehemu hiyo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutu. Barabara ya vumbi, maji ya mvua na hewa yenye chumvi hula bati mpaka litoboke, na mwenye pikipiki huahirisha matengenezo kwa sababu chombo bado kinatembea. Ya pili ni makusudi. Vijana huondoa vyumba vya ndani au hufunga bomba tupu, wakiamini kwamba injini itapata nguvu zaidi, au kwa kupenda tu mlio unaotangaza kuwasili kwao. Kwa injini ndogo inayobeba abiria, bomba tupu peke yake halileti nguvu ya maana, kwa kuwa injini hutengenezwa kwa kulinganishwa na ekzosi yake. Mara nyingi kinachoongezeka ni sauti, na sikio huidhania kuwa nguvu.

Sauti husafiri umbali gani?

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hicho hakiendi kama kilo au mita. Kila sauti inapopanda kwa desibeli 10, nishati yake huongezeka mara 10. Mahali pa wazi, sauti inayotoka sehemu moja hushuka kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu.

Hesabu ndogo inaonyesha maana yake. Kanuni namba 41 ya Umoja wa Mataifa kuhusu sauti za pikipiki huweka kikomo cha kati ya desibeli 73 na 77, kulingana na nguvu ya chombo, kinapopita kwenye umbali wa mita 7.5. Pikipiki inayotoa desibeli 74 kwa umbali huo itakuwa imeshuka hadi desibeli 44 kwenye mita 240 hivi. Nyingine yenye ekzosi tupu, inayotoa desibeli 90 kwa umbali ule ule wa mwanzo, haitashuka hadi desibeli 44 mpaka ifike karibu kilomita moja na nusu. Tofauti ya desibeli 16 tu hupanua ukanda wa kelele kila upande wa njia zaidi ya mara 6.

Miti, majani na vilima hupunguza sauti hiyo, hasa ile nyembamba na kali. Ngurumo nzito hupenya zaidi. Saa nayo ina uzito wake. Jioni, ardhi inapopoa kuliko hewa iliyo juu yake, sauti hupindishwa kurudi chini badala ya kupotelea angani, na husikika mbali zaidi kuliko mchana. Ndiyo sababu ngoma ya kijiji cha pili husikika vizuri usiku. Kwa bahati mbaya, jioni na alfajiri ndizo saa ambazo wanyama wengi hutembea na ndege wengi huimba.

Lugha ya tembo

Hakuna mnyama anayeonyesha jambo hili vizuri kuliko tembo, ambaye bado anaishi katika misitu ya kaskazini ya Msumbiji. Tembo huzungumza kwa sauti nzito sana, nyingine zikiwa chini ya kiwango ambacho sikio la binadamu linaweza kusikia. Katika saa za jioni zenye hewa tulivu, mwito wa tembo unaweza kuwafikia wenzake umbali wa kilomita kadhaa, na hali ya hewa ikiwa nzuri kabisa, hadi kilomita 10. Kwa sauti hizo familia iliyotawanyika hukusanyika, dume humpata jike, na mama huita ndama.

Ngurumo ya ekzosi nayo ni nzito. Haifanani kabisa na sauti ya tembo, lakini sehemu ya mawimbi yake huangukia karibu na yale ambayo tembo huyatumia. Kadiri kelele ya chini inavyoongezeka, ndivyo umbali ambao mwito unaweza kusikika unavyopungua.

Tembo pia husikiliza kwa umakini mkubwa. Utafiti uliofanywa katika Hifadhi ya Amboseli nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2014, ukiongozwa na Karen McComb, ulionyesha kwamba tembo hutofautisha sauti za makundi ya watu. Waliposikia sauti za wanaume wa Kimaasai, ambao mara nyingine hupambana nao, walijikusanya na kuondoka zaidi kuliko waliposikia sauti za Wakamba, au sauti za wanawake na watoto. Mnyama mwenye sikio la namna hiyo hawezi kuichukulia ngurumo ya pikipiki kuwa upepo unaopita.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2023 kutoka eneo la Kruger nchini Afrika Kusini, ulikwenda mbali zaidi. Watafiti wakiongozwa na Liana Zanette waliweka vipaza sauti kwenye madimbwi ya maji na kucheza sauti za simba, milio ya bunduki, mbwa, na watu wanaozungumza kwa utulivu. Uwezekano wa wanyama kukimbia waliposikia binadamu ulikuwa maradufu kuliko waliposikia simba. Kwa wanyama hao, dalili ya kuwapo kwa mtu ndiyo hofu kubwa kuliko zote. Kila mara mnyama anapoacha maji au malisho kwa sababu ya hofu, hupoteza chakula, nguvu na muda, na msimu wa kiangazi haumrudishii.

Ndege anayeita watu

Kaskazini ya Msumbiji ina mfano mwingine ambao haupatikani mahali pengi duniani. Katika Hifadhi ya Niassa, warina asali wa Kiyao hushirikiana na ndege mdogo wa porini anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki. Ndege hulia na kuruka kutoka mti hadi mti, na mtu humfuata. Mtu hupata asali, ndege hupata nta.

Mazungumzo hayo ni ya pande mbili. Warina asali wa Niassa wana mwito wao maalumu, mlio wa kutetemesha ulimi unaomalizika kwa mguno, ambao vijana hurithi kutoka kwa baba zao. Mwaka 2016, Claire Spottiswoode pamoja na Keith na Colleen Begg walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuupima mwito huo. Mtu alipoutumia, uwezekano wa kuongozwa na ndege ulipanda kutoka asilimia 33 hadi 66 ukilinganishwa na sauti nyingine za kawaida. Uwezekano wa kuupata mzinga ulipanda kutoka asilimia 16 hadi 54.

Takwimu hizo zinaweka bei juu ya ukimya. Hapa sauti ni chombo cha kazi, kama shoka na kamba. Ndege asiposikia mwito, au mtu asiposikia mlio wa ndege, asali hubaki mtini. Pikipiki moja ikipita hufunika mazungumzo hayo kwa dakika chache. Njia ikijaa pikipiki zisizo na sailensa kutwa nzima, dakika hizo huungana.

Barabara isiyokuwapo

Mtu anaweza kuuliza: je, ni kelele inayofukuza wanyama, au ni barabara yenyewe, vumbi lake, moshi wake na watu wake? Kwa muda mrefu swali hilo lilikuwa gumu kujibu, kwa sababu mambo hayo huja pamoja.

Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Boise katika jimbo la Idaho, Marekani, walilijibu kwa kubuni barabara isiyokuwapo. Walifunga vipaza sauti kwenye mgongo wa kilima chenye miti, katika mstari wa nusu kilomita, wakacheza sauti za magari kwa siku kadhaa na kuzizima kwa siku kadhaa. Hapakuwa na lami, gari wala moshi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba idadi ya ndege ilipungua kwa zaidi ya robo wakati sauti zilipowashwa. Matokeo ya mwaka 2015 yaliongeza jambo lililo zito zaidi: baadhi ya ndege waliobaki walishindwa kunenepa inavyotakiwa kabla ya safari yao ndefu ya kuhama. Walikuwa wakitumia muda mwingi kuinua vichwa na kuangalia huku na huko, kwa kuwa masikio hayakuwasaidia tena kumtambua adui.

Funzo la jaribio hilo ni kwamba kelele peke yake inaweza kuharibu makazi ya viumbe hata pale ambapo hakuna mti uliokatwa. Nchini Marekani hali hiyo imeenea. Utafiti ulioongozwa na Rachel Buxton mwaka 2017 ulikadiria kwamba kelele za binadamu zimeongeza maradufu sauti ya mazingira katika asilimia 63 ya maeneo yanayohifadhiwa nchini humo.

Masikio ya watu

Katika Diaca na wilaya jirani, anayehitaji kusikia vizuri si mnyama tu. Mwaka 2002 na 2003, simba waliua makumi ya watu katika wilaya ya Muidumbe, inayopakana na eneo hilo. Vifo hivyo vilizua hofu kubwa, na baadhi ya wenyeji walituhumiwa kuwatuma simba kwa uchawi. Wakulima wa mkoa huo bado hulala kwenye madungu wakati wa mavuno ili kulinda mazao. Mwanamke anayekata kuni na mzee anayekesha shambani wote husikiliza tawi linalovunjika. Pikipiki inayonguruma karibu huwanyima tahadhari hiyo.

Kuna jeraha jingine. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, mji wa Mocímboa da Praia uliposhambuliwa na wapiganaji wenye itikadi kali, Cabo Delgado imekuwa katika vita vilivyowahamisha watu waliofikia karibu milioni moja. Mji huo ulitekwa mwezi Agosti 2020 na kurejeshwa mikononi mwa majeshi ya Msumbiji na Rwanda tarehe 8 Agosti 2021. Wakazi wengi wamerudi kwenye makazi yao tangu wakati huo. Ekzosi iliyoharibika haingurumi tu, bali mara nyingine hupasuka kwa mshindo, mafuta yasiyoungua yanapowaka ndani ya bomba. Mshindo huo hufanana na risasi. Katika kijiji kilichowahi kukimbiwa usiku, sauti kama hiyo haiwezi kuitwa kero ndogo.

Anayeumia zaidi, hata hivyo, ni mwendeshaji mwenyewe. Wataalamu wa afya ya kazini hupendekeza kwamba mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba muda huo upunguzwe nusu kwa kila ongezeko la desibeli 3. Kwa desibeli 94 kinachobaki ni saa moja. Kwa desibeli 100 ni dakika 15. Dereva anayefanya kazi kutwa juu ya ekzosi tupu huuza masikio yake pamoja na nauli, na sehemu ya ndani ya sikio ikishaharibika hairudi.

Je, kelele si kinga?

Zipo hoja mbili za kuitetea kelele, na zote mbili zinastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba mlio mkubwa huwaonya watembea kwa miguu na madereva wengine. Lakini ekzosi huelekea nyuma, ilhali hatari nyingi za barabarani ziko mbele. Honi iko mbele, na hupigwa inapohitajika tu.

Ya pili ni hoja ya mkulima: kama kelele inafukuza tembo, basi ni dawa. Ni kweli kwamba kwa vizazi vingi watu wamelinda mashamba kwa kupiga ngoma na madebe. Tofauti ni kwamba madebe hupigwa tembo anapokaribia shamba, na hivyo kelele humaanisha jambo. Kelele inayosikika kila saa, pasipo sababu, huzoeleka, na tembo aliyeizoea hatishwi tena hata na debe. Tembo aliyeshtushwa ghafla kwa karibu naye anaweza kushambulia badala ya kukimbia, au akahamia shamba la jirani. Nchini Kenya, utafiti wa Lucy King ulionyesha kwamba tembo huondoka wanaposikia mvumo wa nyuki, sauti ndogo kabisa. Kinachomwondoa tembo ni maana ya sauti, si ukubwa wake.

Sheria na mipaka yake

Nchi za Afrika Mashariki hazikosi sheria. Uganda ilitunga kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2003, Kenya mwaka 2009, na Tanzania mwaka 2015. Msumbiji ina sheria ya uhifadhi wa bioanuwai ya mwaka 2014, na mamlaka ya kitaifa ya maeneo ya hifadhi, ANAC.

Ugumu huja pale barabara ya umma inapopita hifadhini. Nchini Tanzania, barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na huko mkazo umewekwa kwenye kasi, kwa alama na matuta, ili wanyama wasigongwe. Nchini Kenya, reli ya kisasa inayovuka Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilijengwa juu ya daraja la kilomita 6 hivi na kuwekewa kuta za kupunguza kelele. Hizo ni kazi za fedha nyingi.

Kwingineko duniani pikipiki zenyewe ndizo zimelengwa. Katika hifadhi za taifa za Marekani, kanuni huzuia kuendesha chombo kwa kelele isiyo ya lazima inayozidi desibeli 60 kwenye umbali wa mita 15 hivi. Jimbo la Tyrol nchini Austria lilifunga barabara kadhaa za milimani mwezi Juni 2020 kwa pikipiki zenye kiwango kinachozidi desibeli 95 zikipimwa zimesimama. Ufaransa ilianza mwaka 2022 kujaribu mitambo inayopima kelele na kupiga picha namba ya chombo, na moja ya sehemu zilizochaguliwa ni Saint-Lambert-des-Bois, kijiji kilicho ndani ya hifadhi ya mazingira karibu na Paris.

Mifano hiyo ina somo na ina mpaka. Mwendesha pikipiki wa Tyrol mara nyingi yuko mapumzikoni, na akifungiwa barabara atakwenda kwingine. Wa Diaca akifungiwa barabara, mgonjwa hafiki hospitali. Marufuku ya jumla haifai mahali ambapo pikipiki ndiyo gari la wagonjwa.

Dawa iko kwa fundi

Kinachofaa ni kutenganisha pikipiki na kelele yake. Hilo linawezekana, kwa sababu pikipiki haikutoka kiwandani ikinguruma. Ekzosi iliyotoboka huchomelewa. Vyumba vya ndani vilivyotolewa hurudishwa, au sailensa nyingine hufungwa. Kazi hiyo haihitaji mtambo ambao fundi mwenye mashine ya kuchomelea hana.

Uendeshaji nao una nafasi yake. Sauti hupanda injini inapozungushwa kwa nguvu, hivyo dereva anayepanda gia mapema na kupunguza mafuta anapopita ukingo wa msitu, kivuko cha mto au njia ya tembo hupunguza kelele bila gharama, na huokoa petroli. Safari zisizo za dharura zikiepushwa na machweo na alfajiri, nafuu ni kubwa zaidi. Mambo haya huamuliwa vizuri zaidi na madereva wenyewe kwenye kijiwe chao, pamoja na viongozi wa kijiji, kuliko na amri inayotoka mbali na kumpa askari wa barabarani sababu nyingine ya kudai fedha.

Kipimo cha wazi husaidia kuondoa ubishi. Chombo cha kupimia desibeli kikiwekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, pikipiki ikiwa imesimama na injini ikizunguka kwa kasi iliyokubaliwa, kila mtu huona namba ile ile. Bila kipimo, anayeadhibiwa ni yule asiyependwa.

Kwa siku za mbele, pikipiki za umeme huondoa tatizo hili kwenye mzizi. Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria mjini Kigali zisajiliwe tu kama ni za umeme. Katika eneo la Kruger, Chuo cha Wanyamapori cha Kusini mwa Afrika kimejaribu pikipiki za umeme kwa askari wa doria, kwa sababu iliyo rahisi kuelewa: jangili husikia pikipiki ya petroli kutoka mbali na kutoroka kabla haijafika. Vijiji vilivyo mbali na nyaya za umeme vitachelewa kunufaika na mabadiliko hayo, na kwa miaka mingi ijayo injini ya petroli itaendelea kubeba watu wa barabara ya Mueda.

Watu hao wamerudi kuanza upya mahali ambapo vita vilinyamazisha shughuli nyingi, na sauti ya pikipiki ni mojawapo ya dalili kwamba maisha yamerejea. Wanahitaji usafiri, na wanahitaji pia kumsikia tembo kabla hajaingia shambani na mtoto anayeita kutoka mtoni. Kati ya mahitaji hayo mawili hakuna ugomvi. Kinachosimama katikati ni kipande cha bati chenye matundu, ambacho fundi anaweza kukirudisha mahali pake kwa asubuhi moja.